Friji ya gari-nyumba safarini: gesi, umeme wa gari au barafu?

Kila gari-nyumba linapotengenezwa au kuingizwa Mwanza, swali hili hurudi: gari likiwa kwenye mwendo, koki ya mtungi wa gesi iachwe wazi ili friji inayopoza kwa moto wa gesi iendelee kuwaka, au ifungwe? Jibu letu ni ifungwe. Lakini jibu hilo peke yake halimsaidii mtu aliyejaza friji nyama na sato wabichi, akiwa na safari ya kutwa nzima kwenda Bukoba. Anahitaji kujua ni kitu gani kitafanya kazi ya ule moto, kitamdai waya na betri za namna gani, na ni kwa masharti yapi tu gesi inaweza kuachwa iwake. Tunazipima njia nne hapa, tukifikiria magari yanayoonekana huku kwetu: Hiace na Coaster zilizogeuzwa na mafundi wa mjini, magari ya kambi yaliyotumika kutoka Japani, na yale marefu ya Ulaya yanayopita na wageni kuelekea Serengeti.

Jiko na hita ya maji tuviweke kando mapema. Hakuna sababu yoyote ya kuviwasha gari likitembea. Sufuria ikimwagika kwenye tuta moja tu, mtu ameungua. Ulaya mjadala wa gesi safarini ulikuzwa na hita ya chumba, kwa kuwa wakati wa baridi abiria wa nyuma huganda. Kanuni namba 122 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu kupasha joto magari, inadai kwamba hita ya gesi inayotumika safarini iwe na kifaa kinachokata gesi bomba likikatika kwenye ajali. Mwanza hakuna anayehitaji hita hiyo. Kwa hiyo kinachobaki ni friji tu, na friji ina mbadala.

Gesi ikiwaka barabarani

Friji ya gesi haina kompresa. Nyuma yake kuna moto mdogo wa bluu unaochemsha mchanganyiko wa amonia na maji. Mvuke wa amonia hupanda, hupoa na kuwa kimiminika, kisha huvukizwa tena mbele ya haidrojeni, na hapo ndipo huvuta joto kutoka ndani ya friji. Mfumo hauna kelele na haudai betri kubwa. Friji ya lita 90 hadi 100 hula gramu 250 hadi 400 za gesi kwa saa 24, hivyo mtungi wa kilo 6 unaweza kuilisha wiki mbili hadi tatu. Gari likiwa limeegeshwa kambini kwa siku nne kando ya ziwa, sioni njia iliyo bora kuliko hii.

Tatizo linaanza gari linapong'oka. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa: propeni karibu mara moja na nusu, buteni karibu mara mbili. Ikivuja haipandi ikatokea dirishani. Inatambaa sakafuni, inajaa chini ya viti na kwenye masanduku ya betri. Ikifikia takriban asilimia 2 ya hewa, cheche moja inatosha. Kilo moja ya gesi hutoa karibu nusu mita ya ujazo ya mvuke. Chukua Hiace yenye ujazo wa mita 10 ndani: mita za ujazo 0.2 tu zinatosha kuifikisha kwenye kiwango cha kulipuka. Regyuleta (kifaa kinachopunguza shinikizo la gesi itokayo mtungini) inayopitisha kilo 1.5 kwa saa hufikisha kiasi hicho kwa dakika 16 hivi, na chini karibu na sakafu hatari huja mapema zaidi kwa sababu gesi haichanganyiki sawasawa. Hapo tumezungumzia bomba lililokatika baada ya regyuleta. Likikatika kabla yake, upande wenye shinikizo la mtungi wenyewe, ni dakika chache tu.

Sasa weka hesabu hiyo kwenye barabara zetu. Lami ya kwenda Musoma kupitia Magu na Lamadi ina matuta kwenye kila kijiji kikubwa, na ukiingia barabara za vumbi mtikisiko hauna mwisho. Mtikisiko ndio adui mkubwa wa viungo vya gesi. Nati inalegea robo mzunguko, mpira unasuguana na ukingo wa bati, klipu inakata mpira. Jiwe linalorushwa na tairi linaweza kupiga bomba lililopita chini ya gari bila kinga. Tairi la nyuma likipasuka, vipande vyake huchapa chochote kilicho juu yake.

Kuna hatari ya pili ambayo watu wengi hawaifikirii, nayo ni moshi wa friji yenyewe. Moshi huo hutoka kwa matundu mawili ya nje, moja chini na moja juu. Nyuma ya friji panapaswa kuzibwa kabisa pasiwe na upenyo wowote wa kuingia chumbani. Mafundi wengi wanaogeuza magari huliacha pengo hilo, kwa sababu friji hufanya kazi vizuri tu hata kama lipo. Gari likiwa kwenye mwendo na dirisha la paa likiwa wazi, hewa ya ndani huvutwa nje, na nafasi yake hujazwa na hewa kutoka popote penye ufa, ukiwemo ule wa nyuma ya friji. Moto ukiwa safi moshi huo si mwingi. Moto ukiwa wa njano kwa sababu jeti (kipande chenye tundu dogo la kutolea gesi) imezibwa na vumbi, unaleta masizi na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Kando ya ziwa ongeza wale wadudu wadogo wanaotokea kwa mawingu usiku wakifuata taa: huingia kwenye matundu na kufia palepale kwenye kichomeo. Kabla ya msimu wa safari, vua kifuniko cha tundu la chini, safisha kwa brashi laini na hewa ya kompresa, kisha washa uone rangi ya moto. Jeti usiichokonoe kwa sindano. Tundu lake likitanuka kidogo tu, moto hauwi tena sawa.

Jambo la tatu ni mwinuko wetu. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Miongozo ya baadhi ya friji za Dometic huonya kwamba juu ya mita 1,000 gesi inaweza kukataa kuwaka vizuri, na humshauri mtumiaji ahamie nishati nyingine. Friji nyingi huwaka Mwanza bila shida, ila ukiona moto unazimika mara kwa mara usikimbilie kulaumu gesi uliyojaza. Upepo wa mwendo huuzima pia. Friji inapojaribu kujiwasha yenyewe, hutoa cheche kila baada ya muda mfupi, na cheche hizo hazijui kama uko porini au umesimama kwenye pampu ya petroli.

Sheli ndiyo sababu moja inayotosha kuufunga mjadala kwa watu wengi. Moto wa wazi, au cheche za kuuwasha, ukiwa mita mbili kutoka kwenye pua ya pampu ni hatari kubwa. Friji za Dometic zinazojichagulia nishati zimewekewa ucheleweshaji wa dakika 15 baada ya injini kuzimwa kabla hazijahamia gesi, ili dereva apate nafasi ya kujaza mafuta na kuondoka. Friji ya kugeuza kwa mkono haina ulinzi huo. Inategemea kumbukumbu ya dereva, na dereva aliyeendesha saa sita mfululizo hukumbuka vichache.

Ukiwa umeng'ang'ania gesi iwake safarini, haya hayana nusu nusu. Kikikosekana kimoja, funga koki.

Mtungi usimame wima kwenye sanduku lake, lenye mlango wa nje tu, lisilo na tundu la kuingia chumbani zaidi ya bomba lililozibwa pembeni yake. Mtungi ulale, na kitakachoingia kwenye regyuleta ni gesi iliyo kimiminika, ambayo hutanuka zaidi ya mara 200 inapogeuka mvuke, na moto wa kichomeo unaruka. Ufungwe kwa mikanda miwili, mmoja juu na mmoja chini. Sanduku liwe na tundu la hewa sakafuni: kiwango cha Ulaya EN 1949 kinataka eneo la wazi lisilopungua asilimia 2 ya sakafu ya sanduku, na kamwe lisipungue sentimita za mraba 100. Sanduku la sentimita 40 kwa 60 litahitaji basi tundu la sentimita 10 kwa 10, na ukiliwekea wavu ongeza ukubwa, maana wavu nao hula nafasi. Tundu hilo lisiwe karibu na ekzosi.

Regyuleta iwe ya magari, ya milibaa 30 au kiasi kilichoandikwa kwenye kibao cha friji, na iwe na kihisi cha mgongano. Ya Truma, kwa mfano, hukata gesi ikipigwa na mshtuko wa karibu mara 3.5 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Ifungwe ukutani, imenyooka kama mwongozo unavyoonyesha, kwa kuwa ikiinama kihisi hakifanyi kazi ipasavyo. Mpira unaotoka mtungini uwe ule wenye kinga ya kukatika: gesi ikianza kupita kwa kasi isiyo ya kawaida, kitufe hujifunga chenyewe. Bomba baada ya hapo liwe la chuma au shaba la milimita 8, la shaba likishikwa kila nusu mita na la chuma kila mita moja. Ongeza king'ora cha kaboni monoksaidi usawa wa kichwa cha mtu aliyelala, na king'ora cha gesi karibu na sakafu. King'ora cha gesi kikiwekwa darini hakitalia kwa wakati.

Hapo ndipo shida ya kwetu inapojitokeza. Vifaa hivyo vimetengenezwa kwa mitungi ya Ulaya. Koki za mitungi yetu hazifanani zote, kwa hiyo utahitaji adapta, na kila adapta ni kiungo kimoja zaidi cha kulegea. Regyuleta na mpira wa dukani, vile vinavyouzwa pamoja na mtungi wa kilo 15 kwa ajili ya jikoni, havina kihisi wala kinga ya kukatika. Ni vizuri nyumbani. Kwenye gari linalotembea, havifai kuwa wazi hata kwa kilomita moja. Na ule mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake, uliosimamishwa kati ya viti, ni wa kubebwa ukiwa umefungwa koki, jiko limefunguliwa na kutolewa, na mtungi umefungwa mkanda. Kuupikia ndani ya gari, hata likiwa limesimama, milango na madirisha lazima yawe wazi.

Friji hiyohiyo kwa volti 12

Friji nyingi za magari ya Ulaya zina njia tatu: gesi, umeme wa nyumbani na umeme wa gari. Watu huidharau hii ya tatu kwa kusema haipoozi. Mara nyingi kosa si la friji, ni la waya.

Kipasha joto cha volti 12 hudai wati 120 hadi 175, yaani ampea 10 hadi 15, mfululizo. Friji nyingi za zamani hazina kidhibiti joto upande huu, zinavuta tu. Tuseme kutoka kwenye betri hadi kwenye friji ni mita 6. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5, ampea 15 zitapoteza karibu volti 1.3 njiani. Oltaneta (jenereta ya injini ya gari) inatoa volti 13.8, friji inapata 12.5, na kwa kuwa nguvu ya kipasha joto hufuata mraba wa volti, umeshapoteza karibu moja ya tano ya joto. Kwa waya wa milimita 6 upotevu ni nusu volti, na kwa waya wa milimita 10 ni theluthi ya volti. Waya wa milimita 6 ndio mdogo wa kukubalika, ule wa 10 ni bora. Fyuzi ya ampea 20 ikae karibu kabisa na betri. Kishikio cha fyuzi cha bei nafuu huyeyuka kwa mzigo huu wa saa nyingi. Ukikigusa ukakuta kina moto wa kuunguza, kibadilishe, usisubiri moshi.

Pima hivi: injini ikizunguka kwa mwendo wa wastani, friji ikiwa imewashwa upande wa volti 12, weka mita kwenye terminali za nyuma ya friji. Ukipata volti 13 au zaidi uko sawa. Ukipata chini ya 12.5, anza na waya wa aethi (ule unaorudisha umeme kwenye betri), maana mafundi wengi hufunga aethi kwenye bodi karibu na friji, na bati la bodi ya Coaster lililotiwa rangi na kutu si kondakta wa kutegemea. Vuta waya wa aethi hadi kwenye betri.

Lazima pawe na rilei, yaani swichi inayojiendesha kwa umeme, inayofungua njia injini ikiwaka tu. Bila hiyo, umesimama Lamadi kunywa chai ukasahau, ampea 15 zinamaliza betri ya ampea-saa 100 kabla ya saa saba, na betri ya kuwashia injini ni ndogo kuliko hapo.

Njia hii hudumisha baridi iliyopo, haianzi kutoka joto. Friji ipozwe kwa umeme wa nyumbani au gesi saa 12 hadi 24 kabla ya safari, na vitu viingizwe vikiwa tayari vya baridi. Ukipakia kreti la soda za moto saa ya kuondoka, hakuna volti 12 itakayokuokoa.

Kitu kingine, na hiki ni cha gesi na umeme pia: friji ya aina hii inataka gari lilale sawa likiwa limesimama. Ikiinama zaidi ya digrii 3 hivi upande wa kushoto-kulia, au 6 mbele-nyuma, maji ya amonia hayarudi kwenye kichemshio, kichemshio hukauka na kuungua, na kemikali ya kuzuia kutu hugandamana na kuziba mabomba. Ikifika hapo haitengenezeki. Kwenye mwendo hakuna shida, kwa kuwa gari halikai upande mmoja kwa muda mrefu. Ila Mwanza ni mji wa milima ya mawe. Ukiegesha usiku kwenye mteremko wa Capri Point au Bugando huku friji ikiwaka, unaiua polepole. Weka vibao chini ya magurudumu, au zima.

Friji ya kompresa ya volti 12

Kama unajenga gari upya, hii ndiyo tunayoipendekeza bila kusita. Inafanya kazi kama friji ya nyumbani, kwa kompresa ndogo, haina moto, haina moshi, haihitaji matundu ya nje. Inavumilia kuinama hadi digrii 30 hivi, na joto la nje la digrii 32, linaloanza kuichosha friji ya gesi, halibadilishi chochote zaidi ya kuifanya izunguke muda mrefu zaidi.

Friji ya lita 40 hadi 50 huvuta ampea 4 hivi inapozunguka. Kwa hali ya hewa yetu huzunguka karibu nusu ya muda, hivyo hesabu ampea-saa 40 hadi 50 kwa siku. Betri ya pili ni lazima. Ya lithiamu ya ampea-saa 100 hutoa 80 hadi 90 zinazotumika. Ya asidi ya ukubwa uleule hutoa 50 kabla ya kuanza kuumia. Tumia chaja ya kutoka oltaneta kwenda betri ya pili, ya ampea 20 hadi 30. Kuunganisha betri mbili moja kwa moja kwa waya mnene hakutoshi kwa lithiamu, kwa sababu inaweza kuvuta umeme mwingi kuliko oltaneta inavyoweza kuvumilia. Ukiendesha saa nne kwa chaja ya ampea 20 umerudisha karibu ampea-saa 80, zaidi ya mahitaji ya siku. Ukikaa siku tatu bila kuendesha, paneli ya sola ya wati 200 kwa jua la Mwanza huleta takriban ampea-saa 55 kwa siku isiyo na mawingu mengi. Fyuzi ziwe pande zote mbili za waya wa chaja, kila moja karibu na betri yake.

Kinachoharibika: watu huchomeka friji kwenye tundu la sigara. Plagi hiyo hulegea kwenye tuta la kwanza, friji huzima kimyakimya, na unagundua jioni. Tumia plagi ya kufunga kwa skrubu au funga moja kwa moja. Kosa la pili ni kuiweka friji kwenye kabati lisilopitisha hewa. Kompresa inapotoa joto lazima liende mahali. Acha sentimita 5 hadi 10 upande wa matundu yake.

Kibadilisha umeme (inverter) na friji ndogo ya nyumbani ya volti 230? Kwa gari la kulala kando ya barabara hatuishauri. Kibadilisha umeme kinakula hata friji ikiwa imepumzika, na kompresa ya nyumbani hudai umeme mara kadhaa zaidi inapoanza.

Deli na barafu

Mwanza ni mahali pazuri kwa njia hii kuliko miji mingi, kwa sababu biashara ya samaki inaendeshwa na barafu. Ukifika soko la Mwaloni Kirumba unaona inavyotumika kwa wingi. Kilo moja ya barafu inapoyeyuka humeza wati-saa 93. Deli zuri la lita 50, kivulini, hupitisha joto la wati 15 hivi, yaani wati-saa 360 kwa siku. Hivyo kilo 4 kwa siku zinalitunza, na kilo 10 zinakufikisha siku mbili na ushee ukiacha kufungua ovyo. Deli la plastiki jembamba la wauza barafu hula mara mbili hadi tatu ya hapo.

Barafu ya bonge hudumu kuliko ya vipande. Ya samaki isiguse chakula wala kuwekwa kwenye kinywaji. Ifunge kwenye mfuko mzito. Maji yakiyeyuka usiyamwage yakiwa bado ya baridi kama vitu vyako vimefungwa vizuri, maana yanaendelea kusaidia. Lakini nyama na samaki visiogelee humo. Weka kipimajoto. Ikizidi digrii 5 kwa saa kadhaa, samaki apikwe siku hiyohiyo.

Na kuna mbadala wa bei ya sifuri kwa mwenye friji ya gesi: zima kila kitu, weka ndani chupa mbili za lita 1.5 za maji yaliyogandishwa, usifungue mlango. Kilo 3 hizo zina karibu wati-saa 280, zinazotosha kutunza friji ndogo kwa saa nane au tisa. Mwanza hadi lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti ni safari ya saa chache tu. Kwa safari ya namna hiyo, kuacha moto uwake ni kujitafutia hatari kwa gramu 50 za gesi.

| | Baridi gari likitembea | Hatari kubwa | Inachodai |
|---|---|---|---|
| Gesi | Nzuri moto usipozimwa na upepo | Kuvuja kwenye ajali, sheli, moshi | Regyuleta yenye kihisi, mpira wenye kinga, sanduku la nje |
| Friji ya gesi kwa volti 12 | Hudumisha tu | Waya kupata moto, betri kuisha | Waya wa milimita 6 hadi 10, rilei, fyuzi |
| Kompresa | Nzuri kabisa, hata kwenye joto | Ndogo, ikiwa fyuzi zipo | Betri ya pili, chaja, sola |
| Barafu au chupa zilizoganda | Siku 1 hadi 2 | Chakula kuharibika kimya | Deli zuri, kipimajoto |

Kufunga kabla ya kuondoka, na kwenye kivuko

Hatua hizi ni zilezile hata ukichagua kompresa, kwa sababu jiko bado lina mtungi. Washa plati moja ya jiko, kisha funga koki ya mtungi na usubiri moto uzimike wenyewe. Hapo umemaliza gesi iliyobaki bombani na umeipima koki. Moto ukiendelea zaidi ya dakika moja au mbili, koki haifungi na mtungi huo urudishwe kwa muuzaji. Funga swichi za vyombo vyote. Vuta mikanda ya mtungi kwa mkono. Washa injini, ndipo ugeuze friji iende volti 12.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, safari ya Sengerema na Geita haihitaji tena kupanga foleni ya kivuko pale. Lakini Kamanga bado kuna kivuko, na Ukerewe unavuka Kisorya kwenda Rugezi. Koki ifungwe kabla gari halijapanda, si baada ya kuegeshwa. Gesi inayovuja kwenye sitaha haikai pale. Inashuka kwenye matundu kuelekea chini, mahali penye injini na hewa isiyotembea, na magari yamebanana kiasi kwamba huwezi hata kufungua mlango wa sanduku la gesi. Friji ya kompresa inaweza kuendelea kwa betri yake. Ile ya volti 12 yenye rilei itazimika injini ikizimwa, na hilo ni sawa.

Mara moja kwa mwezi, au baada ya kila safari ndefu ya vumbi, pima viungo kwa povu la sabuni ya maji: koki wazi, vyombo vimezimwa, paka kila nati kuanzia mtungini hadi nyuma ya friji na uangalie kwa dakika moja kila mahali. Kiberiti kisikaribie. Mpira wenye nyufa ukiukunja, au ulioanza kunata, hauna marekebisho.

Mwenye gari la Ulaya lenye vifaa vyote na mitungi yake yenyewe anaweza kuwasha gesi kwenye safari ndefu isiyo na kituo cha mafuta, akizima kabla ya kuingia sheli. Mwenye friji ya njia tatu na vifaa vya dukani abadilishe waya kwanza. Hiyo ni kazi ya nusu siku kwa fundi umeme wa magari. Anayejenga Coaster leo aache nafasi ya friji ya gesi kabisa, anunue kompresa, na fedha ya mabomba aipeleke kwenye betri. Familia inayotoka mara mbili kwa mwaka kwenda Musoma au Ukerewe inunue deli zito na kipimajoto, na ijaze barafu asubuhi ya safari.